Mchezo wa simu tunaupenda, lakini musituambie ndio kisoro

Jumapili iliyopita, nikitoka misa ya kwanza, nilipita Ndosho kusalimia jamaa moja inayokaa na wageni tangu mwaka 2025. Wageni, maana yake ni watu saba kutoka upande wa Masisi, ndani ya nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Nyuma ya nyumba, kati ya mbabula na bidoni za maji, nilikuta kelele. Mzee mmoja alikuwa ameshika simu ya mjukuu wake, akiitazama kama mtu anayesoma barua ya deni. Mtoto huyo, wa miaka 13 hivi, alikuwa amepakua mchezo kwa mega za jirani, akamwambia: "Koko, ona, kisoro yenu iko mu simu."

Mzee alicheza mara mbili, akashindwa mara mbili. Mara ya tatu hakumaliza, alirudisha simu. "Hii haiko kisoro," alisema. "Hii ni kapu. Unavuna, unatia mu kapu, basi. Nani anacheza hapo?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Mtoto peke yake hakucheka. Alikuwa amefikiri ameleta zawadi.

Uso wa yule mtoto ndio ulionifanya nizunguke wiki nzima nikiuliza wachezaji: Ndosho, Katoyi, Majengo, hadi Munigi kwa mafundi wa mbao. Swali lilikuwa moja tu. Huu mchezo mpya wa kwenye simu, unaosemekana ni wa zamani uliofanywa upya, munauonaje? Nimepata majibu mengi kuliko nilivyopata siku nilipouliza bei ya makaa.

Kwanza niseme na wale waliozaliwa na simu mkononi. Kisoro ni ule mchezo wa mashimo na kete. Majina ni mengi: kuna wanaosema igisoro, Waganda wana omweso wao unaofanana nao sana, na watu wa pwani wana bao lao lenye sheria zake. (Na hapana, sisemi juu ya mji wa Kisoro ule ng'ambo ya Bunagana.) Ubao una safu nne, kila safu mashimo 8, jumla mashimo 32. Kete ni 64. Safu mbili ni zako, safu mbili ni za mwenzako. Unachota kete za shimo moja, unazisambaza moja moja ukizunguka upande wako. Ya mwisho ikianguka kwenye shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ikianguka kwenye shimo lenye kete, unaendelea. Na ikianguka katika safu yako ya mbele, huku mashimo yote mawili ya mwenzako yaliyo mbele yako yana kete, unamla.

Sasa sikilizeni vizuri hapo kwenye kula, kwa sababu ugomvi wote wa Ndosho umesimama juu ya neno hilo. Katika kisoro, kete ulizokula hutii mfukoni. Unazirudisha pale ulipoanzia na kuzisambaza upande wako, na zinaanza kukufanyia kazi wewe. Kesho yake, yaani zamu ijayo, mwenzako anaweza kuzirudisha kwake. Hakuna kete inayotoka ubaoni. Zilikuwa 64 mulipoanza, zitakuwa 64 mutakapoachana. Anayeshindwa ni yule asiyekuwa tena na shimo lenye kete mbili, maana kete moja peke yake haichezwi.

Mchezo wa kwenye simu ya yule mtoto ni mwingine. Una safu moja kwako na moja kwa mwenzako, mashimo 6 kila upande, na shimo kubwa kwenye kila pembe. Kete ni 48. Ukivuna unatia kwenye lile shimo kubwa, na zikiingia humo hazitoki tena. Mwisho munahesabu nani ana nyingi. Mzee aliita kapu, na sijapata jina zuri kuliko hilo.

Jambo ambalo wengi niliowauliza hawakulijua ni hili: mchezo huo haukutoka Kivu, wala Uganda, wala Rwanda. Ulitungwa Marekani mwaka 1940 na mtu aitwaye William Julius Champion, aliyeuita Kalah, akichota katika jamii hii kubwa ya michezo ya mashimo. Aliufanya mwepesi, watoto waujifunze haraka. Si kosa. Lakini watengeneza programu waliokuja baadaye walichukua huo mwepesi, wakauandika Mancala, wakaweka picha ya ubao wa mbao na ngoma kidogo nyuma, na sasa mtoto wa Masisi anafikiri ameshika kitu cha babu yake. Ameshika cha Champion.

Tena kuna kitu kitakachowachekesha wapenda hesabu. Mwaka 2000 watafiti walitumia kompyuta kuufumbua mchezo huo wa mashimo sita na kete nne nne. Waliona kwamba anayeanza, akicheza bila kosa hata moja, anashinda. Kwa hiyo ukiona simu imekupa wewe zamu ya kwanza na bado ukashindwa, usimlaumu mtu. Nilipomwambia mzee habari hiyo, aliuliza kama hao watafiti walikuwa wanalipwa.

Haya, maoni ya wachezaji.

Fundi mmoja wa chukudu huko Munigi, anayecheza chini ya mti kila jioni akimaliza kazi, alinijibu bila kuacha kupiga randa. Yeye anasema simu inahesabu kwa niaba yako. Unagusa shimo, kete zinakwenda zenyewe, na wewe unangoja. Katika kisoro anayehesabu ni wewe, tena kabla ya kugusa, kwa macho na kwa kidole ndani ya mfuko wa suruali. Mchezaji mzuri anaona mizunguko mitatu, minne mbele, kete zikianguka, zikichotwa tena, zikianguka. Ukigusa umegusa. "Simu inakuzoesha kujaribu," alisema, "kisoro inakuzoesha kuona."

Dereva wa pikipiki wa Katoyi ana maoni tofauti kabisa, na ni mtu wa kusikilizwa maana anangoja abiria masaa mengi. Anapenda wa simu kwa sababu unakwisha kwa dakika tano. Kisoro cha kweli kikikunoga, abiria anapita, mwenzako anampakia. Aliniambia pia, kwa sauti ndogo, kwamba kwenye simu hakuna wazee wa kukucheka. Hili la kuchekwa nitalirudia.

Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye darasa lake lilikuwa na watoto wa wakimbizi wakati kambi bado zipo, alisema kwamba watoto waliokuja bila kujua kuhesabu kwa Kifaransa walihesabu vizuri sana kwa kete. Alikuwa anachimba mashimo uwanjani, mabichi vilevile ardhini, na kuwaachia mawe madogo ya volkano. Simu hakuwa nayo ya kuwapa watoto 60. Mashimo hayakumgharimu hata franka.

Na mama mmoja anayeuza sombe karibu na soko la Virunga alinipa jibu ambalo sikulitegemea. Alisema: "Miye nashukuru simu." Kwao, alipokuwa msichana, kisoro kilikuwa cha wanaume. Alikaa nyuma ya mlango akitazama kaka zake, akajua sheria zote, lakini hakuna aliyemwachia nafasi ya kukaa. Binti yake amejifunza wa simu, na hakuna aliyemuuliza ni msichana au mvulana. Sasa anawashinda ndugu zake. "Hata kama ni nusu ya mchezo," mama alisema, "kwanza amekaa mbele ya ubao."

Niliandika maneno hayo mara mbili katika daftari langu, kwa sababu yanavuruga nilichotaka kusema. Nilikuja nikiwa upande wa mzee. Mama huyu alinisogeza kidogo, na niseme wazi kwamba wazee wetu, pamoja na mapenzi yao ya kisoro, wamekifunga mlango kwa watu wengi. Wanalia kwamba vijana hawakijui, lakini kijana akikaa na kukosea mara moja anapigwa kicheko hadi anainuka. Yule dereva hakukimbilia simu kwa sababu ya dakika tano tu.

Hata hivyo bado nashikilia kwamba tunachopoteza si kidogo, na nitaeleza kwa habari yangu mwenyewe.

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto, sisi tulibaki nyumbani usiku ule tukitazama mbingu nyekundu. Siku tano baadaye, alfajiri, ilitolewa amri ya kuondoka kwenye mitaa kadhaa ya mji, nasi tukatembea na umati kuelekea Sake. Ubao wa marehemu baba yangu tuliuacha. Ni mzito, na mama alinipa nichague kati ya huo na godoro. Sake tulilala kwenye veranda ya kanisa pamoja na jamaa nyingine ambazo hatukuzijua. Siku ya pili hakuna aliyesema na mwenziwe, kila mtu analinda kifurushi chake. Siku ya tatu mtu mmoja, sikumjua wala sikumwona tena baadaye, alichimba mashimo 32 kwa kijiko, akaokota vijiwe, akakaa peke yake akitazama. Hakuita mtu. Saa moja baadaye kulikuwa na wanaume kumi wamemzunguka, na wanabishana kwa nguvu kuhusu shimo fulani la pembeni, kama linaruhusu kurudi nyuma au haliruhusu. Huyu anasema kwao Rutshuru linaruhusu, yule anasema kwao haliruhusu. Walipatana. Kuanzia hapo tulianza kujua majina, kisha nani ana mgonjwa, kisha nani ana sufuria kubwa.

Simu zilikuwepo siku zile. Zilikuwa zimezimika, hakuna pa kuchaji.

Najua jambo hilohilo limeonekana Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, kwa sababu nilifika huko mara nyingi kwa kazi yangu ya kukusanya habari. Kati ya shitingi na shitingi hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mguu, lakini mashimo ya kisoro yalikuwapo. Ardhi ya kwetu ni ngumu, ni jiwe juu ya jiwe, na mahali pa kuchimba mashimo safi palijulikana na watu waligombea zamu. Kambi hizo zilipobomolewa Februari 2025, baada ya vita kuingia mjini mwishoni mwa Januari, kila jamaa ilikwenda njia yake: wengine walirudi Sake na Masisi, wengine Rutshuru, wengine wamejificha katika vyumba vya ndugu hapa mjini kama wale wa Ndosho. Nilipita Lushagala baadaye. Mahema hayapo. Mashimo yalikuwapo, yamejaa maji ya mvua.

Sasa rudini kwenye lile neno la kula. Mutu aliyepoteza shamba, ng'ombe na nyumba, akikaa kwenye kisoro na kubaki na kete sita, bado anaweza kurudi. Nimeona kwa macho yangu mtu mwenye kete sita akila mara tatu mfululizo na mwenzake akabaki anakuna kichwa. Sheria yenyewe inaruhusu, kwa sababu kete zote bado ziko uwanjani. Kwenye kapu la Champion, ukishapita nusu, yaani mwenzako akiwa na kete 25 kapuni, umekwisha hata kama munaendelea kucheza. Sisemi Mmarekani huyo alifanya vibaya. Nasema kwamba mzee wa Ndosho aliposukuma ile simu hakuwa anakasirikia teknolojia kama wajukuu walivyodhani. Alitafuta njia ya kurudi mchezoni, hakuiona.

Mtu ataniambia: basi acheni simu, chimbeni mashimo. Sikubali. Simu ndiyo kitu cha kwanza tunachofunga kiunoni tukikimbia, na ubao wa mti ndio wa kwanza kuachwa. Mimi niliuacha wa baba yangu, siwezi kuhubiri. Tena simu hizo zina koltani ndani, na koltani tunajua inachimbwa wapi. Rubaya haiko mbali na vijiji ambako wazee hao walitoka. Ingekuwa haki kidogo kama ndani ya kifaa hicho kungekuwa na mchezo wao, mzima.

Ninachotaka basi ni rahisi kusema na si kigumu kufanya. Vijana wetu wanaojifunza kuandika programu, na wako, hapa Goma, Bukavu, Kampala na Kigali, watengeneze kisoro cha safu nne, mashimo 32, kete 64, kinachofanya kazi bila intaneti kwenye simu ndogo. Kisihesabu badala ya mchezaji. Kiruhusu watu wawili kukaa na simu moja katikati. Na kabla ya kuandika mstari mmoja, wakae na wazee wa Masisi, wa Rutshuru na wa Nyiragongo, wawaulize sheria, maana sheria hazifanani kutoka kilima hadi kilima, na kila moja iwekwe kama chaguo. Hizo sheria nyingi hazijaandikwa popote. Ziko katika vichwa vya watu wenye miaka 70, wanaolala chini.

Huko ng'ambo wameshajifunza jambo hili. Binamu yangu anayetengeneza kompyuta Birere ni mpenzi wa michezo ya mafumbo, ile ya kutembea kisiwani na kufumbua milango. Ananiambia kila mara juu ya mmoja uitwao Riven, uliotoka mwaka 1997 na kufanywa upya mwaka 2024. Wapenzi wa ule wa zamani walikuwa wameanza kuujenga upya wao wenyewe, kwa kujitolea, na kampuni iliyoutunga, Cyan, ikashirikiana nao. Mafumbo kadhaa yalibadilishwa, na wachezaji walibishana: huyu anasema wameharibu, yule anasema wameufufua. Binamu yangu yuko upande wa waliofufua. Mimi sijaucheza, simu yangu haiwezi hata kuufungua. Ila nilichosikia ni kwamba waliokuwa wakiujua ule wa kwanza waliitwa mezani. Nani ameita mzee wa Ndosho mezani?

Kwa bao la pwani angalau kazi ilianza. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa Zanzibar, akatoa tasnifu yake ya udaktari juu yao huko Leiden mwaka 1995. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda bao, na heshima hiyo ilisaidia mchezo usionekane wa wavivu. Sisi huku Kivu hatukupata rais wa kutuchezea, na watafiti wanaokuja wanatuuliza juu ya vita.

Na kwa wazee nina neno moja, mutanisamehe: punguzeni kicheko. Mtoto akija na simu amekuja kuomba nafasi.

Alhamisi nilirudi Ndosho. Nilikuta mashimo yamechimbwa kando ya bidoni, safu nne, si sawa sana kwa sababu ya jiwe kubwa katikati. Kete zilikuwa maharagwe, na mama mwenye nyumba alikuwa ameyahesabu kabla, 64, akasema atayahesabu tena kabla ya kupika. Mzee alikuwa upande mmoja, mjukuu upande wa pili, na msichana wa jirani amechuchumaa anawatazama, midomo inatembea kimya. Anahesabu. Mzee hakuwa anacheka. Mtoto alikuwa na kete kumi na moja tu, amejaa jasho.

Mvua ikaanza, ile ya Goma isiyobisha hodi. Kila mtu alinyanyuka kuokoa nguo na makaa. Mama akaja na sahani kuchukua maharagwe yake. Mzee akamwambia mama angoje, kete bado hazijahukumiwa. Mama akasema maharagwe yakilowa ni yake au ya nani? Basi mtoto akatoa simu mfukoni, akainama juu ya mashimo, akapiga picha, akaifuta kioo kwa shati na kumwonyesha babu yake kila shimo lina ngapi.

Mzee aliitazama sana. "Zamu iko ya nani?" aliuliza.

"Yangu, Koko."

"Andika hapo."